Mfuaji wa Poncho la Don Abilio

Kijijini Huallapampa kila mtu ni ndugu ya mwenzake, wa damu au wa ndoa ya zamani. Ndiyo sababu Don Abilio Mallqui alipofariki, mjane wake Emperatriz hakuumiza kichwa kutafuta wa kumfulia marehemu nguo yake, kama desturi inavyotaka. Alipanda mwenyewe mpaka kwenye kibanda cha vipimo, akasimama mlangoni akihema, poncho la mumewe, joho lake la sufu, likiwa limekunjwa kifuani.

"Injinia," alisema, "kesho kutwa ni siku ya tano. Utanifulia."

Yoleida aliweka kikombe chake chini. "Mimi, mama? Mbona watoto wako wapo, na mashemeji zako?"

"Hao damu yake. Akiona mikono ya nduguye majini ataishika, hataondoka. Wewe huna mtu hapa. Unafaa."

Yoleida hakujua kama ametukanwa au ameheshimiwa. Alilipokea poncho kwa mikono miwili. Lilikuwa zito, na bado lilinuka moshi na majani ya koka.

Alikuwa ametoka mbali kuja kuambiwa hivyo. Yoleida Uzcátegui alizaliwa Mérida, Venezuela, chini ya milima iliyokuwa na barafu bibi yake alipokuwa msichana. Alisomea mitetemo ya ardhi. Barafu ya kwao ilibaki doa, doa likawa dogo kuliko uwanja wa mpira, kisha likaisha. Nchi iliishiwa barafu kabla yeye hajamaliza shahada. Katika safari yao ya mwisho pale juu, yeye na mwalimu wake walikuwa wameketi wakisikiliza doa lile likipasuka, tik, tik, kama kuni mbichi motoni. Halafu likanyamaza. Walidhani chombo kimeharibika. Walipokuwa wakikikagua, pande zima la barafu liliachia mwamba likapita mbele yao. Tangu siku hiyo Yoleida hakuuamini ukimya.

Kisha ulikuja wakati ambapo mshahara wa chuo haukutosha hata mboga, akapanda basi la kusini kama wengine. Jijini Lima, Peru, aliuza arepa, mikate ya mahindi ya kwao, na kahawa nje ya kituo cha mabasi, shahada yake ikiwa imefungwa kwenye nailoni chini ya godoro. Wateja walimtania kwa neno la Kivenezuela la kumwita msichana: "We chama, hivi ulisomea nini huko kwenu, unga?" Naye alicheka, kwa kuwa asiyecheka hauzi. Kazi ya milimani aliipata kwa sababu wenyeji waliisusa: kuishi peke yako juu ya Huallapampa, kwenye baridi ya kukata masikio, ukilinda kipima mitetemo kilichofukiwa ukingoni mwa barafu, juu ya ziwa ulikotokea mto wa kijiji. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kibali chake cha kuishi Peru kilining'inia kwenye mkataba huo.

Kijiji hakikumpenda. Mvua ziliposita, kwenye mkutano wa jumuiya Don Melchor, mdogo wake Abilio, alisimama akasema, "Tangu huyu Mvenezuela asimike chuma chake, mawingu yakifika pale yanageuka kama kondoo walioona mbwa. Tuing'oe antena."

Don Abilio, aliyekuwa mlinzi wa antena hiyo, alijibu bila kuinuka. "Kabla hajaja mlisema ni padri anayefukuza mvua. Padri naye tulimng'oa, mvua ikaja?" Watu wakacheka, na antena ikasalimika.

Mguu wa kushoto wa Don Abilio uliwahi kuangukiwa na jiwe, akawa anauburuta. Hata hivyo alipanda kibandani kila mara, kwa sababu ya kiredio. Yoleida alikuwa amekiunga mwenyewe ili mitetemo ya barafu isikike kama sauti, na alikibeba mfukoni, kisikilizio sikioni, popote alipokwenda. Mzee alikiweka sikioni mwake akatabasamu. Tik. Tik-tik. Tik.

"Wanapanda," alisema.

"Nani, Don Abilio?"

"Wale ambao mambo yao huku chini hayakumalizwa. Wanapanda barafuni bila viatu. Wakifika kileleni wamesamehewa. Ila hawafiki."

"Ni barafu inapasuka, mzee."

"Si ndiyo? Inapasuka kwa kuwa wanaikanyaga." Halafu siku moja aliongeza, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo: "Wakinyamaza, injinia, ujue wamesimama. Wanatazama chini."

Siku ya tano kijiji kizima kiliteremka mtoni. Nyumbani kwa marehemu, sakafu ilikuwa imemwagiwa majivu na mlango ukafungwa, maana siku hiyo roho hurudi kuchukua chake, na majivu huonyesha. Mtoni kulikuwa na masufuria ya viazi, simbilisi wa kukaangwa, watoto, na wanaume waliocheza kete wakitafuna koka. Ukungu ulikuwa umeshuka ukafunika mlima wote. Emperatriz alimkalisha Yoleida kwenye jiwe, uso kuelekea bondeni.

"Usigeuke mpaka umelikamua," alimwambia. "Atakuwa nyuma yako anakagua kazi."

Yoleida alitumbukiza poncho. Maji yaliuma kama meno.

"Sugua, injinia, hiyo si kompyuta!" mwanamke mmoja alipiga kelele.

"Au kwenu hamfui?" mwingine akadakia.

"Tunafua," alijibu, "ila maji yetu hayang'ati."

Walicheka, safari hii pamoja naye. Alisugua nusu ya kwanza mpaka povu likawa jeupe, na alipoanza kuigeukia ile nyingine ndipo alipotambua kwamba sikio lake halisikii kitu.

Alidhani ni betri. Lakini mvumo wa antena ulikuwepo, ule mvumo mwembamba usiokoma. Mvumo ulikuwepo na hatua hazikuwepo. Alijaribu kukumbuka alizisikia lini mara ya mwisho, akashindwa. Huenda zilikuwa zimekatika tangu alipoingiza mikono majini.

Alitoa simu kwa vidole vilivyokufa ganzi akampigia mkuu wake mjini.

"Ni waya," alisema Injinia Ravines. "Kule chini ya theluji. Kesho utaukagua."

"Na kama si waya?"

"Yoleida, nisikilize. Mko kwenye ufuaji wa marehemu, siyo? Ukiwavunjia shughuli kwa ajili ya waya, wataing'oa antena kabla ya jioni. Bila antena hakuna kituo, na bila kituo sina cha kukuombea mkataba. Fua, binti. Maliza."

Alitazama mto. Ulikuwa safi, wa kawaida, haukumsaidia kwa lolote. Poncho lilielea mikononi mwake, nusu limefuliwa, nusu bado. Akiacha sasa, Abilio, mtu pekee aliyemtetea, angehesabiwa miongoni mwa wale wa barafuni. Asipoacha, watoto walikuwa wakirukaruka mawe pale pale katikati ya mto. Nyuma ya shingo yake alihisi ubaridi wa mtu aliyeinama kumtazama.

Akasimama, akageuka.

Vicheko vilikatika. "Injinia," Emperatriz alisema taratibu, "umegeuka."

"Mama, waondoe watu. Wote, mpaka kanisani juu."

Don Melchor alikuwa ameshainuka, kete mkononi. "Halijasuuzwa! Wewe mgeni, unataka kaka yangu akawe mmoja wao?"

Emperatriz hakumtazama shemeji yake. "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, mama. Tangu nishike poncho sijasikia kitu."

Mama yule aliinua macho kule ambako mlima ungekuwepo. "Abilio alikuwa akisema, wakinyamaza..."

"Wanatazama chini," Yoleida alimalizia, maneno yakimtoka kabla hajayafikiria.

Emperatriz hakupiga kelele. Alimnyanyua mjukuu wake mdogo, akampachika mgongoni, akaanza kupanda. Nyuma yake wakafuata wanawake, kisha wanaume, masufuria yakiachwa yakitoa mvuke. Melchor alikuja shingo upande. "Ikiwa uongo," alimwambia Yoleida akimpita, "hiyo antena nitaing'oa kwa meno."

Walisimama kanisani. Hakuna kilichotokea. Ukungu ulikuwa palepale, mbwa alijikuna, mtu akasema viazi vinapoa. Melchor alikuwa ameshaanza kuteremka ndipo harufu ilipofika: tope bichi na mawe yaliyosagwa. Ilikuja kabla ya sauti. Melchor alisimama, mguu mmoja mbele. Kisha ukungu wenyewe ukaanza kutetemeka, na chini yake ukapita ukuta wa kahawia uliobeba barafu kubwa kama nyumba, ukachukua masufuria, kete, jiwe la kufulia na mto wenyewe.

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyeshukuru pia. Walikwenda nyumbani kwa marehemu, Emperatriz akafungua mlango. Kwenye majivu kulikuwa na alama ya mguu mtupu, na kando yake mfuo wa kitu kilichoburutwa. Mguu, mfuo, mguu, mfuo, mpaka kitandani, mpaka kwenye msumari ambapo poncho lilikuwa likitundikwa. Alama za kutoka hazikuwepo.

"Alikuja kulitafuta," Emperatriz alisema. Melchor alivua kofia yake. Yoleida, poncho likimchuruzikia miguuni, alitamani angalau mmoja wao amtukane.

Injinia Ravines alimpigia kumpongeza, akaeleza jinsi ambavyo siku zote amemsisitizia kuwa mwangalifu. Mkataba ulikuja umesainiwa. Antena, iliyokuwa juu ya njia ya maji, ilibaki imesimama, na hatua zikarudi kiredioni. Tik. Tik. Lakini sasa, katikati ya zile nyingine, palikuwa na moja ambayo hakuwahi kuisikia. Tik, krrr. Tik, krrr. Alibadili betri. Alibadili waya. Alijua kwa elimu yake kwamba barafu iliyovunjika vile inaweza kutoa sauti hiyo. Kibandani, poncho lilikuwa limetundikwa karibu na jiko, na ile nusu iliyofuliwa ilikataa kukauka.

Mto uliendelea kuwa tope, haufai kufulia. Mwishowe alishuka kwa Emperatriz akamwambia, "Mama, kuna maji safi ukingoni mwa barafu."

Walipanda pamoja mchana wa ukungu. Pale theluji ilipoanzia Emperatriz alisimama. "Mimi mkewe, zamu yangu inaishia hapa." Akanyoosha mkono. "Nipe kiredio."

Yoleida aliendelea peke yake mpaka kwenye dimbwi la maji yaliyoyeyuka, akapiga magoti, akaipa barafu mgongo. Akaitumbukiza ile nusu chafu.

"Anakuja," Emperatriz alisema kutoka chini, kama mtu anayetangaza basi.

Yoleida alisugua. Nyuma yake theluji ililia, ikanyamaza, ikalia.

"Amesimama, mwanangu. Usiharakishe. Sugua na upindo."

Alisugua upindo. Alisuuza mpaka maji yakatoka meupe, akalikamua, akalikamua tena, na hata hapo, ingawa sasa aliruhusiwa, hakugeuka. Alibaki amepiga magoti, poncho mapajani, mgongo ukiwa baridi, mpaka Emperatriz alipoondoa kisikilizio sikioni na kusema kwa sauti ndogo kwamba hatua zile zinaondoka, na kwamba hazielekei juu tena pamoja na za wale ambao mambo yao hayakumalizwa.