Siku Themanini na Nne na Mbuzi wa Mama Mkwe

Nilitoka ofisi ya Idara ya Kazi mjini Moshi, nilikokwenda kuuliza haki zangu, nikitembea haraka kuliko tumbo langu lilivyotaka. Nilikuwa mjamzito wa miezi sita, na furaha ilinijaa hadi nikaipita njia ya kwetu mtaa wa Soweto bila kujua. Meneja wa hoteli ninakopika alikuwa ameniambia nikijifungua nipumzike mwezi mmoja tu, maana wageni wa mlima watakuwa wamejaa. Nisiporudi, atatafuta mpishi mwingine. Kumbe sheria inanipa siku themanini na nne, mshahara palepale, na nikirudi nina ruhusa ya kwenda kunyonyesha! Kunifukuza kwa sababu ya mimba, hawezi. Nilitamani kumwambia kila mtu, hata muuza parachichi.

Kosa langu ni kumpigia simu mama mkwe, kule kwao Mkuu. Kwetu Uchagani mzazi hukaa ndani miezi mitatu, analishwa mtori wa ndizi na nyama, na supu, mpaka mashavu yajae, na yeye alishamfungia mbuzi bandani anamnenepesha kwa ajili yangu. Aliposikia "mwezi mmoja", habari za sheria hakuzisikia tena. Asubuhi yake nikamkuta kwenye geti la hoteli, kitenge cha kanisani mwilini, mkungu wa ndizi miguuni.

Nikaona leo namwaga unga. Meneja, Mchaga mwenzetu, akamwamkia shikamoo na kumpa kiti. Nilianza kueleza sheria, mama mkwe akanikatiza.

"Mwanangu, wewe ulipozaliwa, mama yako alikaa ndani muda gani?"

Meneja akautazama ule mkungu. "Miezi mitatu, mama."

Kisha akasema siku zangu nitapewa zote themanini na nne, na kazi yangu itanisubiri. Jamani, nilitaka kuruka! Mama mkwe bado alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Hizo hazijafika miezi mitatu," akasema. "Zilizobaki utaongeza wewe."

Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, meneja ameshika kalenda, anajazia siku zilizopungua kutoka likizo yangu ya mwaka, na anauliza kama zinatosha. Alimwuliza yeye, si mimi.

Zilitosha. Meneja akanyoosha mkono kuupokea mkungu, akishukuru.

"Huu ni wa mkwe wangu," mama akasema, akajitwisha kichwani. Nikamfuata nje nikicheka, hadi mtoto naye akaanza kucheza tumboni.