Kaye ya Upelelezi

Siku ile naiona mpaka leo, mwanangu. Nina miaka kumi na mitano, nimekaa juu ya jerikeni kwenye bomba la maji hapa hapa kambini Nakivale, kaye yangu, daftari langu la shule, iko wazi magotini, wasichana wenzangu wamenizunguka, nami nasoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio. Wanacheka, wananipigia makofi. Nilijiona mimi ndiye mimi. Laiti mtu angeninyang'anya ile kaye akaitupa ziwani!

Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikuwa nakunja nguo zako, na kaye yako ikaanguka. Usinikasirikie, sikuwa napekua. Umeandika habari za yule baba mgeni wa ng'ambo ya barabara: saa anayotoka, saa anayorudi, simu anazopiga akiwa amegeukia ukuta. Sikukuita wala sikukufokea. Nilikaa kwenye kitanda chako nikaisoma mpaka mwisho.

Najua yametoka wapi. Yametoka kwenye vile vitabu unavyoazima shuleni, vya vijana wapelelezi. Akina mama wenzangu wa kanisani wanasema ni upuuzi, wanataka nivikataze. Aka! Nivikataze vipi, na mimi mwenyewe nilivisoma mpaka kurasa zikabanduka?

Wakati huo baba yangu alikuwa akipeleka maharage Mbarara, na mteja wake mmoja alikuwa mke wa askari kule Makenke. Siku moja tulikwenda wote. Yule mama aliniona nimekodolea macho vitabu vinne vilivyorundikwa mlangoni, akaniambia kwa Kiswahili chao cha kambi ya jeshi, "Chukua hiyo mabuku yote. Kijana yangu alimaliza kusoma, iko inakula nafasi bure." Vilikuwa vya Kiingereza. Mimi nilikuwa na Kifaransa kidogo nilichotoka nacho Kivu, basi. Nilivisoma neno kwa neno, nikimsumbua mwalimu, nikikisia, mpaka lugha ikafunguka. Hiki Kiingereza changu mnachokicheka kilitoka humo.

Na utamu wake naujua. Kijana wa kwenye kitabu ana umri wangu, lakini ana pasi tano za kusafiria, kila moja na jina lake. Mimi sikuwa na hata moja. Yeye anavuka mipaka kwa ndege, anakula biskuti. Mimi nilivuka kwa miguu, mdogo wangu mgongoni. Watu wazima wanamdanganya, naye anawagundua. Sisi wazazi wetu walikuwa wakinyamaza tukiingia, na hakuna aliyetuambia tulikimbia kwa sababu gani wala tutarudi lini. Tulikuwa watu wa kusubiri. Tunasubiri maji, tunasubiri posho, tunasubiri kuitwa majina. Yule kijana hasubiri. Nikifungua kitabu, nami nilikuwa na kazi ya kufanya duniani. Hilo silikatai, na wewe usilionee haya.

Kitabu cha nne kilipokwisha, nikataka mtu wangu wa kumpeleleza.

Nikamchagua Mama Riziki, jirani yetu. Alifika baada yetu na binti yake wa miaka minne, hana mume, Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. Aliimba korali. Tena ndiye aliyenisuka nywele kila Jumamosi, maana mama yangu alikuwa ameshafariki. Sasa ujue hapa tulikuwa na desturi: mgeni haulizwi kijiji wala kabila. Baba alikuwa akituambia, "Mumupe maji, mumuonyeshe fasi ya kukata nyasi, na munyamaze. Akitaka kusema, atasema." Kila nyumba ilikuwa na jambo lake lililofunikwa, na hivyo ndivyo tulivyoweza kuishi pamoja. Mimi na akili zangu za vitabuni nikaona huo ni woga wa wazee.

Kila Jumapili baada ya ibada Mama Riziki alipanda kilima kilicho nyuma ya shamba lake, yeye na mtoto. Nikamfuata, nikalala kifudifudi majanini kama nilivyosoma. Alimkalisha mtoto juu ya jiwe, akaanza kuzungumza naye kwa lugha nyingine. Niliitambua. Ilikuwa lugha ya watu tuliowakimbia. Alikuwa anamfundisha majina: la baba yake, la babu yake, la baba wa babu, mpaka yakafika matano. Mtoto anarudia, akikosea wanacheka wote wawili, wanaanza tena. Niliandika yote, saa, mahali na majina. Na sikuogopa, mwanangu. Hapo ndipo panaponiuma. Nilifurahi, nikateremka kilima nikikimbia.

Kesho yake ndiyo ile siku ya bombani. Sikumtakia mabaya, nilitaka kusifiwa tu. Lakini mmoja wa wale wasichana alikwenda akamwambia mama yake.

Kufikia Jumatano jerikeni la Mama Riziki lilikuwa linatolewa kwenye foleni na kurudishwa nyuma. Kwenye mazoezi ya korali alibaki peke yake kwenye benchi. Ijumaa akakuta maharage yake yameng'olewa, mistari miwili mizima, yametupwa njiani. Watu waliokuwa wakila naye sombe sahani moja wakaanza kusema labda ametumwa, labda wenzake wako nyuma wanakuja. Nilisikia yote nikafunga mdomo.

Na Jumamosi nikaenda kusukwa. Ee, nilikwenda! Nilikaa chini katikati ya magoti yake kama kila wiki. Alipofika utosini akaniuliza, sauti yake ya kawaida kabisa, "Esperansi, mwanangu, kuko mutu alinifuata kule ku kilima. Ni wewe?"

"Hapana, mama."

Yule kijana wa kwenye kitabu huwa hakiri kamwe, nami nikamwiga.

Mikono yake ilisimama kidogo. Kisha akasema, "Haya. Inamisha kichwa." Akanisuka mpaka mwisho, hakunivuta hata unywele mmoja, akanipaka mafuta shingoni kama siku zote. Jumatatu asubuhi nyumba yake ilikuwa tupu, turubai limeondolewa.

Nilimweleza Baba nikilia. Hakunipiga. Alichukua kaye, akaisoma yote polepole, halafu akasema, "Mimi nilijua tangu siku alifika. Aliniambia mwenyewe. Bwana yake alikuwa wa kabila ile. Alificha batu betu mu nyumba yake, na benzake bakamuua juu ya ile. Ule mama akakosa fasi ya kukimbilia, akakuja kwetu. Sasa umemurudisha mu njia." Kisha Baba akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika mama.

Watu walisema amekwenda Oruchinga, kambi nyingine ya wakimbizi. Nilipokuwa mkubwa nilikwenda huko mara mbili, nikimuulizia mama mwenye binti aitwaye Riziki. Mbarara sokoni nimewatazama wanawake wengi vichwani, maana mkono wake wa kusuka ningeutambua popote. Nimepeleleza kweli safari hii, na sikumpata.

Basi nisikie. Vitabu vyako soma. Ukimaliza kimoja azima kingine, na jioni unisimulie, maana bado navipenda. Lakini yule wa kitabuni aliandikwa ili siri yake ifunuliwe, na ikifunuliwa wewe unafunga jalada unakwenda kula. Jirani ataamka kesho, atahitaji kuchota maji kwenye bomba lile lile. Jicho lako ni kali, nimeona ulivyoandika, na sitaki lizibe. Lielekeze kwa aliyekosa kuni, kwa mzee ambaye mlango wake haujafunguliwa tangu asubuhi. Ukiona mtoto anaumizwa, au hatari ya kweli, njoo uniambie mimi, usilipeleke bombani. Mtu akiwa amejifunika tu, mwache ajifunike.

Na ukikosea, sema palepale. Ningesema "Ndiyo, mama, ni mimi," pengine Mama Riziki angeondoka vilevile. Lakini asingeondoka akijua kwamba kichwa alichokuwa amekishika kilikuwa kinamdanganya.

Leo utazichana mwenyewe zile kurasa za yule baba, tuziwashie moto wa chai. Kaye iliyobaki ni yako, andika humo hadithi za kutunga. Kisha umpelekee chai hiyo, umsalimie vizuri, na usimuulize kitu.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe pasi ya kweli yenye jina lako la kweli, na huko itakakokupeleka upate watu wa kukupa maji kabla ya maswali. Akufanye mtu ambaye mgeni anaweza kumwambia jambo lake akalala usingizi.

Kaye yangu Baba aliichoma. Yale majina matano hayakuungua, bado ninayo kichwani. Kila Jumapili baada ya ibada nayarudia moja moja kwa mpangilio wake, maana yule mtoto alikuwa mdogo mno, huenda ameyasahau. Akija siku moja, nitamrudishia. Wewe usiniulize. Sitakuambia.