Usafi Uliokondesha Matumbawe

Mwanangu, katika siku zote za mwanzo wa ndoa yangu, kuna moja ninayoikumbuka kuliko nyingine. Nilisimama mbele ya tangi la mama mkwe wangu kule Rangwe, kitambaa mkononi, nikaona matumbawe yake yamepauka. Nilikuwa nimeolewa mwaka huohuo, na tangi lile nilikabidhiwa mimi. Keti nikueleze, maana naona nawe umeanza kukabidhiwa vya watu.

Mama mkwe hakuwa mtu wa huku. Alizaliwa Kilifi, akaolewa na baba mkwe alipokuwa akifanya kazi Pwani, na mzee alipostaafu wakarudi wote Rangwe. Kule Pwani mama alifanya kazi kwenye shamba la matumbawe. Usicheke, mashamba hayo yapo. Hukata vipande vidogo, huvipandikiza, na vikishakua hurudishwa baharini. Vichache hupewa watu wa kufuga kwenye matangi. Alipohamia huku alikuja na vipande vyake kwenye ndoo, akampata fundi wa vioo pale mjini Homa Bay, akachanganya maji ya chumvi mwenyewe, akafunga taa na pampu, na betri ya sola ya siku stima ikipotea. Majirani waliyaita mawe ya mama. Mimi pia nilidhani ni mawe, mpaka aliponionyesha vimikono vyao vikitoka kudaka chakula. Aliniambia hao ni wanyama, na kwamba wamemfuata mbali kuliko ndugu zake wa damu.

Kisha nyonga yake ikaharibika. Akapelekwa Kisumu kufanyiwa upasuaji, na baada ya hapo ilibidi akae kwa wifi yangu mpaka aweze kutembea. Siku ya kuondoka alinieleza kazi yote ya tangi huku akivalishwa viatu: kulisha samaki, kubadilisha maji kidogo kila wiki, kupima. Niliitikia kila kitu kwa adabu ya mke mgeni, lakini kilichonikaa kichwani kilikuwa kimoja tu, kwamba maji yasichafuke.

Ujue nilikotoka ndipo usinicheke. Mimi nimezaliwa Takawiri, kisiwa cha ziwani. Kwetu msichana hutazamwa sufuria zake. Akizisugua kwa mchanga ufukweni mpaka zing'ae, watu husema huyu amelelewa. Nilifika Rangwe nikiwa nimejipanga kusugua kila kilicho mbele yangu. Na juu ya hilo, nilikuwa nimeliona ziwa likigeuka kijani kama rangi ya ukuta, likinuka, samaki wetu wa ngege wakielea matumbo juu. Bwana samaki, yule afisa wa uvuvi, alikuja akatueleza kwamba mbolea ya mashambani na maji machafu ya miji ndiyo yanayolisha ule ukijani na magugu yanayofunika ziwa, na kwamba maji yamepewa chakula kupita kiasi. Baba yangu alikaa msimu mzima nyavu zikining'inia. Kwa hiyo mimi nilijua, au nilidhani najua, kwamba chakula kikizidi majini ni kifo.

Nikaanza kazi. Chakula cha samaki nilikipunguza hadi kikawa chembe za kuhesabika. Kile chombo kinachotoa uchafu kwa povu nikakiacha kikivuma bila kupumzika. Zile punje za kunyonya fosfeti, ambayo pamoja na nitrati ndiyo hulisha ukijani majini, mama alikuwa akitia mfuko mdogo siku mojamoja; mimi nilijaza mifuko. Maji niliyabadilisha kila nilipopata nafasi. Kupima kwenyewe ni kutia maji kwenye kichupa, kudondosha dawa, na kutazama rangi. Nitrati ikiwepo, maji huwa ya waridi. Mwanzoni nilipoona uwaridi hafifu nilishtuka. Siku kichupa kilipobaki cheupe kabisa, nilimwita mume wangu Otieno aje aone, na nilijisifu bila haya.

Haikuchukua muda matumbawe yakaanza kufifia. Lile la kijani likawa na rangi ya uji. Lenye matawi likaanza kuonyesha mfupa kwenye ncha. Vimikono havikutoka tena. Mimi nikaona bado ni uchafu, uko mahali sijafika, nikazidi kusafisha. Mwanangu, nilivyozidi ndivyo walivyozidi kukonda, na hapo ndipo hofu iliponishika, kwa sababu vipande vile mama alivikata kwa mkono wake mwenyewe, na shamba lile la Pwani lilikuwa limeshafungwa. Vikifa havina pengine pa kutoka. Nami ningekuwa yule mke aliyeua kitu pekee ambacho mama alitoka nacho kwao.

Otieno alitaka tunyamaze. "Mathe ako na uchungu," alisema. "Tumwambie iko poa, hiyo ingine tutasema akitoka hosi." Alisema kwa mapenzi, wala sikumlaumu. Nilikubaliana naye hata nikapanga maneno.

Siku hiyo ninayokuambia, wifi akapiga simu na kumpa mama. Akauliza habari za nyumba, za kuku, kisha akauliza wanawe wa majini wanaendeleaje. Nilifungua mdomo niseme wazima. Badala yake nikalia. Nikamwambia wanapauka, wengine nyama inawabanduka, na kwamba nimesafisha kila kitu ninachojua kusafisha.

Hakupiga kelele. Aliniuliza vipimo vinasemaje. Nikamjibu, tena kwa fahari kidogo katikati ya machozi, kwamba nitrati sifuri, fosfeti sifuri, maji ni safi kabisa.

Hapo mama akanikatiza.

"Sifuri? Basi, mwanangu, hao wana njaa. Umeyatunza maji ukawasahau wanaokaa ndani."

Maneno hayo yaliniingia. Kisha akanieleza polepole, kwa ile sauti ya mtu aliyelala chali. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi vimea vidogo visivyoonekana, navyo ndivyo vinavyompikia kwa mwanga wa taa. Vimea hivyo vinahitaji nitrati kidogo na fosfeti kidogo. Zikizidi, mwani humea kila mahali ukamfunika tumbawe, na mfupa wake haujengeki vizuri. Hapo woga wangu wa ziwa ulikuwa na haki. Zikikosekana kabisa, vimea hufifia, mwenye nyumba hukosa wa kumpikia, akajila mwenyewe. Na kinyesi cha wale samaki niliokuwa nikiwanyima chakula ndicho kilichokuwa riziki yao.

Niliposikia hivyo nikataka kukimbia nikamwage kopo zima la chakula. Akanizuia. Akasema nitoe kwanza ile mifuko ya punje, nipumzishe chombo cha povu sehemu ya siku, niwaongezee samaki chakula kidogokidogo, na nisibadilishe kingine mpaka kichupa kionyeshe uwaridi hafifu. Uleule ulionishtua.

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kusugua. Wiki zilipita. Tawi moja lililokuwa karibu na pampu lilikufa, sikukufichi. Halafu asubuhi moja nilikuwa napita na ndoo, nikaona vimikono vimetoka, vimejaa, vinayumba na maji. Niliweka ndoo chini nikamwita Otieno, naye alikuja mbio akidhani nimeungua. Tulisimama pale tukicheka kama watu waliopewa msamaha.

Mama alirudi akitembelea fimbo. Hakuingia chumbani, alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akakaa. Rangi zilikuwa bado hazijakolea, lakini zilikuwepo. Aliliona lile tawi lililokufa, akauliza, nikamweleza. Akasema hilo lilikuwa dhaifu tangu Kilifi. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli au alinihurumia. Kisha akavuta kiti cha pili, akakipigapiga nikae karibu naye, na tangu siku hiyo sikujiona mgeni katika nyumba ile.

Basi, mwanangu, ukikabidhiwa kitu chenye uhai, awe mtoto, mgonjwa, mfugo au mwanafunzi, uliza kwanza kinahitaji nini ili kiishi, kabla hujakisafisha. Ubaya uliouona kwenu usiuchukue ukawa kipimo cha kila nyumba utakayoingia. Unapokosea usirekebishe kwa pupa. Badilisha jambo moja, utazame. Na mwenye kitu akikuuliza, mwambie, hata akiwa kitandani, kwa kuwa mimi ningenyamaza siku ile, kwa huruma kabisa, mama angerudi akute mifupa mitupu.

Mungu akujalie mtu wa kukuuliza habari za ulivyokabidhiwa, na akujalie moyo wa kumjibu ukweli mapema. Nyasaye ogwedhi, Mungu akubariki, mwanangu.