Inveta Juu ya Redio ya Ma Benigna

Mimi ni fundi sola, duka langu liko Rwamishenye, na mdomo wangu una haraka kuliko mikono. Mdomo huo ndio uliomkosesha Ma Benigna wa Kimwani maziko ya rafiki yake.

Ma Benigna ni mjane, mkulima wa kahawa na migomba, na hakuna msiba wa mtu wake uliowahi kumpita. Kila alasiri alikaa na redio kusikiliza matangazo ya vifo. Akisikia jina analolijua, anakata mkungu wa ndizi, anajitwika, anaondoka. Na mtu wake hasa alikuwa Skolastika wa Kemondo, aliyesoma naye. Waliahidiana tangu ujana kwamba atakayebaki atamzika mwenzake.

Nilipomfungia sola, inveta, kile kidude cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, niliipachika ukutani, juu kidogo tu ya rafu ya redio. Waya ulikuwa mfupi, nami nilitaka kuwahi basi. Redio nikaichomeka humo humo, nikajigamba kwamba mambo ya kununua betri yamekwisha.

Wiki ile ile akapiga simu.

"Fundi, waitu, hiki kidude kinanguruma. Redio nayo inakoroma, sisikii majina."

"Ndiyo kawaida yake, mama. Utazoea."

Akapiga tena. Nikamjibu yale yale, tena nikicheka. Mara ya tatu hakupiga. Aliamini fundi anajua.

Skolastika alifariki Jumanne, akazikwa Alhamisi. Watoto wake walitangaza redioni, wala hawakuhangaika kumpigia Ma Benigna. Nani asiyejua kwamba yule mama hapitwi na redio? Yeye alipata habari Jumapili, kanisani. Akaenda na mkungu wake, akakuta kaburi limeshafunikwa na maturubai yamekunjwa. Watoto wakamsalimia kwa mkato.

Niliposikia haya nilipanda basi siku hiyo hiyo. Inveta ikikaa karibu na redio huivuruga, na kuihamishia stoo kulinichukua nusu saa. Nusu saa tu, jamani! Nikawasha redio, ikatoka sauti safi, kila jina na kijiji chake. Nikamwomba msamaha, machozi yakanitoka na sikuyaonea aibu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea sahani ya ndizi na samaki. Kisha akanyoosha mkono, akaizima redio.

"Kula, mwanangu," alisema. "Niliyekuwa namsikilizia walishamtangaza."