Majani ya Mkaratusi

Mpangaji mwenzangu anachemsha majani ya mkaratusi, na harufu imeingia chumbani kwangu. Nimeifuta sentensi hii mara nyingi, maana naogopa kumkosea mama.

Alasiri ile, kwetu karibu na Wamagana, mama aliinamia sufuria ya majani hayo, nami nikashikilia pindo za blanketi juu yake ili mvuke usitoroke. Sauti yake ilikuwa imepotea. Kesho yake tungemzika jirani ambaye mama alimwogesha na kumlisha uji muda wote wa ugonjwa, kama alivyowafanyia wagonjwa wengine kijijini. Jirani huyo alikuwa amemwomba amwimbie kaburini.

Mama alifunua blanketi, uso umelowa, akajaribu ubeti wa kwanza. Ilitoka pumzi tu.

"Dada, kesho wewe fungua mdomo tu, sisi tutaimba," alisema mwenzake wa kwaya, aliyeketi mlangoni. "Hata pasta hawezi jua."

"Aliyeniomba atajua," mama alinong'ona.

Akajifunika tena. Maji yalikuwa yamepoa na hapakuwa na mvuke wowote, lakini niliendelea kushikilia blanketi, nikiona mgongo wake ukitikisika kimya kimya.