Gauni Lenye Mgongo

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Uzi aliwashonea watu ambao hakuwahi kuwatia machoni. Cherehani yake ilikaa dirishani, kwenye karakana ya majeneza, mbali kidogo na vumbi la msumeno lisije likaichafua satini. Alishona mito na bitana, na mteja akitaka, alishona gauni. Magauni hayo yalikuwa na siri moja: hayakuwa na mgongo. Mbele kulikuwa na kola, vifungo, hata lesi. Nyuma wazi kutoka shingoni hadi pindoni, na vitepe viwili vya kufungia. Ni rahisi kuvalisha, na kitambaa kinaokolewa. Fundi mwenye karakana alimwonyesha hivyo siku ya kwanza, naye hakuuliza. Kazi aliipenda, maiti aliwaogopa. Jeneza likitoka kwenda kumpokea mtu wake, yeye alikuwa ameshashika njia ya nyumbani.

Siri ilitoboka siku mama yake alipopita pale akitoka kliniki. Moyo wa mama ulikuwa umechoka; daktari alishawaambia wote wawili bila kuzunguka. Tangu hapo Mama Uzi alikuwa mtu wa kuchunguza: vijiko vingapi vya uji vimeliwa, ngazi ngapi zimepandwa, mara ngapi mkono umetafuta ukuta.

Mama alilichukua gauni lililokuwa mezani, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Hili bado hujalimaliza?"

"Limekwisha, mama."

"Limekwishaje, na mgongo uko wapi?"

Fundi alicheka huku akipiga randa. "Bibi, mtu amelala chali. Mgongo wake nani ataushughulikia?"

"Wewe unamshonea wa kulala tu. Siku akiitwa asimame?"

"Ah, siku hiyo na mimi nitakuwa na shughuli zangu."

"Utakuwa na kesi, mwanangu! Watakufuata wote, mstari mrefu, kila mmoja ameshikilia gauni kwa nyuma, wanaulizana fundi yule yuko wapi."

Fundi alicheka mpaka akaweka randa chini. Mama Uzi hakucheka. Alishaona maneno yanakoelekea.

"Langu utalishona wewe," mama akamwambia. "Lenye mgongo. Na unipime nikiwa nimesimama."

Kwa wiki tatu alikwepa. Mara uzi wa rangi ile umekwisha, mara cherehani inaruka mishono. Kila Jumapili aliitikia na wenzake kanisani kwamba wafu watafufuka, lakini moyoni neno lile aliliogopa. Aliona kwamba ukiliamini kabisa, ni kama umemruhusu mtu aende zake.

"Unaogopa nini?" mama alimuuliza alasiri moja, ameketi kitandani amenyoosha miguu.

"Nikilishona, utakufa."

"Na usipolishona nitakufa vilevile, tena uchi." Alicheka peke yake, kisha akatulia. "Sikiliza, binti yangu. Mimi kifo sikipendi. Kilimchukua baba yako, kikachukua watoto wawili kabla yako. Sijakikaribisha na wala sitakiamkia. Ila Bwana alikiingia akatokea upande wa pili, na tangu hapo hicho nacho siku zake zinahesabika. Kitakufa, mimi nitasimama. Haya, lete utepe, na usinibane kwapani."

Akampima. Mabega, kifua, kiuno kilichokwisha. Alipouweka mkono mgongoni aliusikia moyo ukipiga, ukikosa, ukipiga. Aliuacha mkono pale kwa muda mrefu kuliko vipimo vilivyohitaji.

Gauni lilikuwa la rangi ya maziwa, mikono mirefu, vifungo tisa mbele, na mgongo wa kitambaa kimoja kisicho na mshono. Mama alilivaa mara moja, akajigeuzageuza mbele ya kioo, akaridhika, akalitundika. Mwezi uliofuata alifariki, asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto.

Chumba cha maiti cha hospitali kilikuwa kimetoka kupigwa deki. Mhudumu wake, mwanamke aliyevaa buti za mpira, aliupokea mfuko mlangoni, na Mama Uzi alikuwa amekusudia kuishia hapo hapo mlangoni. Mhudumu alilitoa gauni, akalipekua, akaguna.

"Hili halivaliki, dada yangu. Mikono imeshakaza. Ngoja nilipasue nyuma, nibane na pini. Hakuna atakayejua."

Akauchukua mkasi.

Mama Uzi aliutazama mlango. Neno moja tu, "sawa," na angekuwa nje juani. Na kweli hakuna ambaye angejua. Lakini alijikuta ameulizwa jambo ambalo Jumapili zote zile alilipita juujuu: huyu atasimama, au hatasimama? Kama hatasimama, mkasi una haki yake.

"Usikate," alisema. "Nitamvalisha mwenyewe."

"Umewahi?"

"Bado."

"Itachukua muda."

"Acha ichukue."

Mhudumu aliuweka mkasi kando, akamwelekeza: anza na mkono wa mbali, kanda bega taratibu mpaka lilegee, usivute. Mama Uzi akakanda. Ngozi ilikuwa baridi, lakini kovu la kiwiko lilikuwa lile lile, na kucha zile zile alizomkata juzi. Hofu haikuondoka; ilikaa pale pembeni kama mgeni asiye na wa kuzungumza naye. Mkono wa kwanza ukaingia. Wa pili ukagoma, wakarudia. Mhudumu alimwinua mama mabega, na Mama Uzi akakinyoosha kitambaa kutoka shingoni hadi kiunoni, usibaki mkunjo hata mmoja. Kisha akafunga vifungo.

Alipofika miguuni alisita.

"Viatu huwa hatuvalishi," mhudumu alisema.

Mama Uzi alifikiri kidogo. Akainama, akavua vyake, akavifuta kwa upindo wa sketi, akamvalisha. Vilipwaya kidogo tu.

"Sasa wewe utarudije?"

"Si mbali."

Akatoka kwenda kumwambia Fundi, aliyekuwa akisubiri na jeneza, kwamba mama yuko tayari. Aliivuka changarawe ya uani peku, polepole, akichagua pa kukanyaga.