Mayasa na Kazi ya Kaunta

"Mwanangu, unanitazama mimi au unautazama mlango?" Ndivyo Bi Tabia, jirani wa ghorofa ya saba, alivyomuuliza Mayasa siku ya kwanza walipokutana kwenye ngazi pale Hillbrow, Johannesburg. Hakuuliza kwa ubaya. Mayasa akacheka. "Nakutazama wewe, shangazi. Hili jicho la kushoto lina safari zake." Wakapendana tangu hapo.

Waajiri nao hawakucheka. Mayasa alizaliwa Tanga na makengeza yake, na mama yake alimlea kwa adabu ya kwao: ukisemeshwa na mkubwa, inamisha macho. Adabu ile ikamsitiri miaka yote. Johannesburg haikumsitiri. Kwenye saluni ya Léocadie, Mkongo wa mtaa wa pili, alisuka wiki mbili tu. Wateja walimwona kwenye kioo wakadhani anachungulia mikoba yao. Kwenye ulinzi hata fomu hawakumpa.

Mwezi uliopita ikatokea nafasi ya kaunta, duka la vitambaa mtaa wa Marshalltown. Bushra, binti wa Bi Tabia, anashona hapo nyuma, akamsemea kwa meneja. Bi Tabia naye akamkazania. "Huku si kwetu, mwanangu. Ukiinamisha macho wanasema mwongo. Mtazame." Wiki nzima wakafanya mazoezi jikoni, Bi Tabia akiwa ndiye meneja, mwiko mkononi.

Asubuhi ya usaili Mayasa aliswali rakaa mbili, akaenda. Meneja alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Akamuuliza kama amewahi kuuza dukani. Mayasa akainua uso, akamtazama sawasawa kama alivyofundishwa.

Yule mama akageuka nyuma aone nani ameingia.

Hakuna aliyeingia. Meneja akaelewa, akaona haya, akaanza kupangapanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Mayasa naye macho yakamshuka yenyewe, kama mbele ya mama yake, na maswali yote yaliyobaki akayajibu akisema na meza.

"Tutakupigia."

Siku zikapita, simu kimya. Bushra alipomuuliza meneja, akaambiwa, "Eish, dada wa watu ni mzuri, lakini kaunta ndiyo sura ya duka. Na mbona hatazami mtu? Wateja watasema anaficha kitu."

Jioni Bushra akaileta habari hiyo jikoni kwa mama yake, alipokuwa Mayasa akimenya viazi, akaipunguza makali kadiri alivyoweza. Bi Tabia akataja upasuaji wa jicho. Mayasa alikwisha kwenda hospitali mwaka juzi, wakamwandika kwenye orodha, na kila akirudi anaambiwa watoto wanatangulia.

"Basi nitakusikilizia kaunta nyingine," Bushra akasema.

Mayasa aliendelea kumenya viazi. Hakuinua uso.

"Dada Bushra, usinitafutie tena ya kaunta. Niombee ya stoo, mahali ambapo hakuna wa kunitazama."